Ekipe Iliyokosa Mtu Mmoja

Kiangazi kile nilikuwa na miaka ishirini na kiburi chote cha kipa. Mimi na mama tulikuwa tumekimbia vita Rutshuru, tukapokelewa Goma na mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya Kituku, ufukwe wa wavuvi kwenye Ziwa Kivu. Mjomba hakutunyima kitu, wala mkewe. Lakini mama alikuwa mkulima aliyezoea kulisha watu, na kila alipopewa sahani alikula kama anayemeza dawa. Juma lile akaniambia kwamba Jumapili, misa ikiisha, atarudi Rutshuru kuvuna maharagwe yake. Risasi zilikuwa bado zinalia kule. Nilimbembeleza mpaka nikachoka.

"Niko nakula chakula ya batu," akasema. "Siwezi tena."

Kesho yake jioni nilishuka ufukweni kutafuta kazi yoyote ile. Nikamsikia mzee mmoja akilalamika: "Ekipe inakosa mutu moja, na tunatoka sasa hivi." Moyo uliniruka! Kwetu ekipe ni timu ya mpira, sikuuliza neno zaidi. Nilipanda mbio juu ya yale mawe meusi ya volkano, nikavaa viatu vya kuchezea mpira, mali pekee niliyoibeba siku ya kukimbia, nikateremka tena nikihema.

"Papa, niko hapa. Niko golikipa."

Wakatazama viatu vyangu, halafu wakacheka mpaka mmoja akakaa majini. Ndipo nilipojua kwamba kwa wavuvi wa Kituku ekipe ni mitumbwi mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, na wavu mmoja mkubwa unaoning'inia katikati. Yule mzee, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wao, alijifuta machozi.

"Ni muzuri," akasema. "Utachunga samaki zisitutoroke. Vua biatu, ingia."

Nikaingia. Aibu ilikuwepo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, maana mzee aliniambia kila mtu hurudi na samaki wake, na kwamba yeye akimpenda mgeni anamweka kazini moja kwa moja. Nilishika kasia nikimfikiria mama: nikileta chakula chetu wenyewe, huenda akabaki.

Mtu wa milimani akisikia kiangazi anawaza jua na vumbi. Ziwani ni baridi. Vumbi lilikuwa limefunika milima ya ng'ambo, nayo maji yalikuwa ya rangi ya majivu. Tulipokuwa tunakaribia kisiwa kimoja, upepo wa kusini ukatujia usoni, mawimbi yakaanza kuturushia maji mapajani. Nilijua tutageuza. Wenzangu ndio kwanza wakaanza kuimba. Tulizunguka tukajibanza nyuma ya kisiwa, upande wa kaskazini, ambako maji yalikuwa yametulia, na juu yetu migomba ya watu wa kisiwani ilikuwa inapigwapigwa na upepo.

"Batu ya milima munaogopaka hii upepo," mzee akasema. "Sisi tunaingojeaka. Inageuza maji, chakula ya chini inapanda, na sambaza, hii samaki yetu ya kidogo, inaifuata."

Giza lilipoingia, taa za kuwavutia samaki ziliwashwa, wavu ukashushwa, na zamu ya kuvuta ikafika. Niliivuta kamba yangu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Pembe ya wavu upande wangu ikapanda peke yake, wavu ukalala upande, na samaki wakamwagika kule chini mbele ya macho yetu. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Huku tunavutaka na wimbo," mzee akaniambia polepole. "Nguvu yako wacha kwanza. Ukirudia hii, kesho nitatafuta mutu mwingine."

Niliiona akilini barabara ya Rutshuru, na mama akiwa juu yake na jembe lake.

Mara zilizofuata nilivuta nikiwa na hofu, tukapata kidogo. Kulipopambazuka, upepo ulizidi kule nje na mzee akasema tuvute mara ya mwisho. Wimbo wenyewe sikuuelewa maneno, ulikuwa wa Kihavu, lugha ya watu wa ziwani, lakini nilikuwa nimeshajua ni wapi sauti inapanda na ni wapi mikono inangoja. Nikaimba hivyohivyo, nikikosea kila neno. Wavu ukaja sawasawa, mzito, mzito! Sambaza wakatokea wakirukaruka, weupe, wengi hata mtumbwi wa katikati ukadidimia kidogo. Nilipiga kelele kama niliyedaka penalti. Mzee alinitazama akasema tu, "Leo jioni usichelewe."

Nilipanda kwa mjomba na beseni kichwani, maji ya samaki yakinichuruzikia shingoni. Mama aliangalia ndani ya beseni, akaangalia tena, akaomba kisu. Akaanza kuwapasua mmojammoja na kuwatoa matumbo, visamaki vya urefu wa kidole! Mke wa mjomba aliegemea ukuta kwa kicheko.

"Mama, hii tunakulaka yote, na matumbo," akasema.

Basi mama akawakaanga wote, wazima, na hakutaka mtu yeyote aguse makaa yake. Walipoiva alipakua sahani ya kwanza, akampelekea mke wa mjomba kwa mikono miwili.

"Leo munakula kwangu," akasema.

Jumapili, misa ilipoisha, mama alisimama nje ya kanisa akitazama upande wa barabara ya Rutshuru. Kisha akaipa kisogo barabara, akanishika mkono, akaniuliza ekipe inatoka saa ngapi.