Kinu cha Makumbusho

Mlinzi wa makumbusho yetu ya maisha ya shamba hajui kumnyima mtu kitu. Ukienda kuazima jembe la kale, hulipuliza vumbi, hulifuta kwa mkono wa shati, kisha hukunong'oneza, "Lirudi zima, dada." Siku wakaguzi walipokuja kuamua kama makumbusho yafungwe, ndani zilibaki kamba za kuzuia watu tu. Akawaleta uani kwangu, jasho likimtiririka, akatuzungushia kamba mimi na kinu chake nilichokuwa nimekiazima. "Twanga, dada, ila usiwasemeshe." Mkaguzi akauliza mimi ni nani. Akajibu kwa upole uleule, "Mwanamke wa zamani. Tafadhali msimguse." Nikamwombea kimoyomoyo, nikatwanga. Hayakufungwa, namshukuru Mungu. Sasa wageni wakija, yeye ndiye anayekuja kuniazima.