Tangi la Mikate Minane

Chekeni, lakini mniache nimalize, kwa sababu aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na bado nikiisimulia kifua kinavimba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikipima mawe kwa futi machimboni Kitengela, na kanisani walinijua kama mtu wa hesabu (jina nilijipa mwenyewe, likashika). Akina mama walikuwa wakibeba maji kutoka mbali, tangi letu la kuchimba chini lilikuwa dogo, basi pasta akauliza nani atatupimia lingine, mara mbili ya lile, kabla mvua haijaanza. Nilisimama hajamaliza kuuliza. La zamani lilikuwa futi kumi kwa sita, kina tano. Nikasema ishirini kwa kumi na mbili, kina kumi, kila kitu mara mbili, kwisha maneno.

Tukaita mwethya, ile kazi ya pamoja tuliyokuja nayo kutoka Ukambani, watu wakachimba Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka wanaume wazima wakawa wananikwepa sokoni. Mawe pia niliagiza mara mbili. Siku ya kujenga, kanisa zima likitazama, yakaisha ukuta ukiwa nusu.

"Yameibiwa njiani!" nikapaza sauti, macho kwa dereva wa lori.

Mama Ndunge, muuza mahindi, akaniita kwenye meza ya chai. "Shika mkate. Huo ni tangi ya zamani. Ongeza urefu mara mbili."

Nikaweka wa pili.

"Upana."

Ikawa minne.

"Na kina?"

Nikapanga mingine juu, kanisa likihesabu kwa sauti mpaka nane.

"Umetuchimbisha tangi nane, ukaagiza mawe ya tangi mbili, halafu unaita mtoto wa watu mwizi?"

Nilimwomba dereva msamaha mbele ya wote (pasta alinishika mkono, nadhani aliogopa nitatoroka). Mvua ikaja kabla ya mawe mengine, nikajua nimewaangusha akina mama. Lakini udongo wetu mweusi ukilowa haupitishi maji, shimo likajaa. Kiangazi kilichofuata visima vya majirani vilikauka, letu bado lina maji, hadi mzee wa Kimaasai akaja kunywesha ndama wake.

"Supai," akatusalimia. "Ni nani alipima hii maji yote?"

Nikajikohoza. Mama Ndunge akaniwahi: "Ni huyu. Alikosea."

Tangu siku hiyo sipimi kitu cha watu kabla sijapanga mikate. Na yule dereva, popote tukikutana, mimi ndiye huanza salamu.