Sahani ya Peke Yake

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo moyo hunienda mbio. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, nyumbani kwetu Msambweni, na kaka yangu Bakari alikuwa amejifungia jikoni na moto unawaka. Jiko lenyewe la makuti. Nje wanaume wa mtaa wamesimama, na mmoja wao ameshika kamba.

Nakusimulia haya kwa sababu jana uliniambia utaratibu uliomwekea mdogo wako: akimeza dawa zake za skizofrenia unamtilia bando kwenye simu, asipomeza hakai sebuleni na wenzake. Sikukujibu pale pale. Nilikuwa na hasira, nikaona heri ninywe chai kwanza.

Bakari alikuwa fundi wa kuezeka makuti kwenye mahoteli ya Diani, kijana mcheshi, hana makuu. Kisha akaanza kusikia sauti zikimsema. Wako waliosema ni mashetani, tukazunguka naye huku na huku, mpaka mama akampeleka hospitali. Muuguzi akatueleza kuwa ni ugonjwa, na kwamba mbali na dawa iko njia ya kumsaidia. Akifanya jambo jema, akimeza dawa, akioga, akifagia ua, apewe papo hapo kitu kidogo anachokipenda, asifiwe, ili kesho awe na hamu ya kulifanya tena.

Aliyelishika neno hilo kwa mikono miwili ni kaka yetu mkubwa, Salim. Alikuwa askari wa hoteli, na huko kwao walikuwa na mtindo wa kumtangaza mfanyakazi bora, picha yake inabandikwa ukutani. Salim aliwahi kubandikwa, basi nyumbani tukawa hatupumui kwa majivuno yake. Akasema Bakari naye atatuzwa. Lakini cha kumtuza hatukuwa nacho, ila sinia. Unajua sisi tunavyokula: sinia moja la wali katikati ya jamvi, kila mtu upande wake. Salim akaamua kuwa Bakari akimeza dawa na kuoga atakula siniani na sisi. Asipofanya hivyo, atatengewa chakula kwenye sahani apelekewe uani.

Na ilifaa, usinione nakataa. Mwanzoni Bakari alimeza, akaoga, akawa anakuja jamvini nywele zimechanwa, na mama akifurahi mpaka machozi. Salim alitembea kifua mbele kama yeye ndiye daktari.

Kisha dawa zikaanza kumkakamaza mwili. Mikono ikawa inatetemeka, shingo imekaza, ulimi mzito. Yeye hakuweza kutueleza na sisi hatukumuuliza. Akakataa kumeza, sahani ikaenda uani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipeleka, na nikirudi kuichukua nawakuta kuku wanaidonoa. Salim akasema huo ni ujeuri, tusimbembeleze, njaa itamfundisha. Mama hakuweza kumpinga, kwa kuwa Salim ndiye aliyekuwa akitulisha. Bakari akakonda, mashavu yakabonyea. Hata maji ya mtungi wetu akaacha kuyanywa.

Sasa hebu tazama jambo ambalo nyumba nzima tulikuwa na macho na hatukuliona. Mtu ambaye sauti zinamwambia kutwa kucha kuwa watu wanataka kumdhuru, wewe unapika chungu kimoja, kisha chake unakitenga, unakifunika, unampelekea peke yake nyuma ya nyumba. Atafikiri nini? Sauti zilimwambia kile chakula kina sumu, na sisi ndio tuliozipa ushahidi.

Siku ile niliyoanza nayo aliingia jikoni ajipikie mwenyewe, akakomea mlango. Akawa anaongeza kuni tu, moshi unatokea juu. Mama alimwita, hakujibu. Salim alikuwa na mapumziko yake siku hiyo, akausukuma mlango kwa bega, na Bakari akapiga kelele kuwa atakayeingia wataungua pamoja. Hapo ndipo majirani walipojaa na kamba ikaletwa. Nilikuwa naziona cheche zinavyoruka. Nilijua makuti yale yakishika moto hatutamtoa mzima, na nilijua vile vile kwamba mlango ukivunjwa akaiona kamba, moto atautia mwenyewe.

Mama Mkubwa, dada yake mama, akatokea wakati huo na kikapu chake. Alikuja kututembelea tu kutoka Ukunda, hakuna aliyemwita. Watu wakamwamkia, akaitikia marahaba moja kwa wote, akaniuliza mimi mgonjwa anakula nini na anakula wapi. Nikamweleza habari ya sahani. Akawaagiza wanaume wa mtaa watoke nje ya ua na kamba yao, na mimi nilete sinia, nipakue chakula chote cha siku hiyo, nisibakishe.

Akaketi chini mbele ya mlango wa jiko. Mbao zake zilikuwa na nyufa, mtu wa ndani aliweza kuona nje.

"Bakari, mwanangu, ni mimi. Nala hapa. Nitazame."

Akamega wali na mchuzi wa papa, akala. Akamega tena. Ndani kimya, kuni tu zinalia. Hatimaye sauti ya Bakari ikatoka, imekauka.

"Geuza sinia."

Akaligeuza, akala upande uliokuwa umeelekea mlangoni.

"Geuza tena."

Akageuza tena. Akala, akanywa na maji ya mtungi. Hakufanya haraka, wala hakumwambia umeona sasa. Tukasikia maji yanamwagwa motoni, kisha komeo likavutwa. Bakari akatoka macho mekundu kwa moshi, akaketi mkabala naye, akala. Mimi nililia, sikujificha.

Wakiwa bado wanakula ndipo Mama Mkubwa alipomgeukia Salim, na sauti hakuipandisha.

"Salim, kula na nduguze ni haki yake, amezaliwa nayo. Tuzo ni kitu cha kumzidishia. Wewe umemwibia kilicho chake, kisha wamrudishia kidogo kidogo, wasema wamtuza."

Salim hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikwenda kunawa mikono, akarudi kula pamoja nao.

Tulirudi hospitali tukaeleza mwili unavyokakamaa, na daktari akabadilisha dawa. Muuguzi aliposikia habari ya sahani alishika kichwa. Akamuuliza Bakari mwenyewe anapenda nini, jambo ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza. Akasema kahawa chungu na kashata. Ikawa asubuhi akimeza dawa, mmoja wetu anatoka naye mpaka kwa muuza kahawa. Asipomeza hakuna kahawa, lakini jamvini nafasi yake iko. Hakupona kabisa, sauti hazikumwacha moja kwa moja. Ila alirudi kwenye kazi yake ya kuezeka, na akaacha kutuogopa.

Basi sikiliza ninalokuambia. Bando mpe, si vibaya, na umpe papo hapo, umsifu kwa lile alilolifanya. Muulize yeye mwenyewe kama bando ndilo alitakalo. Akikataa dawa usikimbilie kumwita jeuri, muulize inamfanyaje mwilini, umpeleke kwa daktari. Lakini chakula, malazi, salamu na kukaa na watu wake, hivyo usimuuzie. Sebule ile ni kwao kama ilivyo kwako. Ukitoka hapa nenda kamwite akae, ameze asimeze.

Mungu akulindie mdogo wako, akupe na wewe subira isiyochoka. Na ikija siku akakuogopa, Mungu akutie moyo wa kuketi chini mlangoni pake, umngoje mpaka atoke mwenyewe. Amina.