Aliyefuata Ndege Weupe

Ndege hao ni weupe kuliko kanzu ya ubatizo, na mkia wao umepasuka kama mkasi. Nasikia watu wa baharini wanawaita membe. Huku ziwani wavuvi huwafuata, kwa sababu wakishuka majini, chini yao kuna usipa, dagaa wa huku kwetu. Watu wanawasifu kwa uzuri. Mimi nikiwaona namkumbuka shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyemuua mdogo wangu. Nimeandika hivyo na sipunguzi neno.

Asubuhi ile alitupakia sisi wawili na vyungu vyetu kwenye mtumbwi wake wa injini, atufikishe Itungi, tupande bajaji hadi sokoni Kyela. Njiani akaona ndege wanapiga mbizi.

"Shemeji, hao wanakula kungu," nikamwambia. Wale wadudu walikuwa wametanda juu ya maji kama moshi, kila mtu anawaona.

"Gwe, kafinyange udongo. Ziwa niachie mimi."

Mdogo wangu akacheka. "Mwache, dada. Leo atatuvulia inzi!"

Akakata kona, mawimbi yakawa ubavuni. Akasimama, mtumbwi umejaa vyungu hadi kingoni, akatupa wavu. Tukapinduka. Mimi nilikumbatia chungu kilichokuwa kinaelea. Mdogo wangu hakupata cha kushika.

Msibani akasimama mbele za watu: "Vyungu vilizidi. Niliwakataza, hawakusikia." Akaaminiwa. Mama yetu alikufa akiamini mimi ndiye niliyemzamisha mwanawe.

Mwaka huu wakamtaka awe mzee wa kanisa. Kwetu mtu husimamishwa mbele, mchungaji anauliza kama kuna mwenye neno juu yake. Siku zote watu hukohoa tu, basi. Safari hii nikasimama. Nikayasema yote, mpaka na uongo wa msibani.

"Mama, hayo ni ya zamani," mchungaji akasema.

"Umeuliza mwenye neno, Mchungaji. Sasa muulize yeye: wavu aliutupa nani?"

Kanisa zima likamgeukia. Akahangaika na kola ya shati.

"Mimi," akasema.

Wakachagua mwingine. Jioni mke wake akaja uani kwangu, hata hodi hakupiga. "Umemwaibisha mbele ya watoto wake. Umeridhika, dada?"

"Bado," nikamjibu. "Mwambie aende kaburini kwa mama, akaseme tena vilevile. Na apaze sauti."