Fundi wa Bembea Aliyekataa Kuchimba

Saa moja asubuhi, siku ya kwanza ya sikukuu ya Raja, Arakhita Mallik anaizunguka bembea yake kama mtu aliyekuta ng'ombe wake amevunjika mguu. Mvua ya jana jioni imelainisha udongo, na nguzo moja kati ya mbili imelala upande. Kuisimamisha upya si kazi kubwa: unachimbua, unashindilia mawe, unarudishia udongo. Shida ni kwamba leo hakuna anayechimba.

Hapa Tentulipada, kijiji cha wakulima wa mpunga karibu na mto Mahanadi, jimboni Odisha, jambo hilo halihitaji tangazo. Ardhi ni mama, na kwa siku tatu za Raja mama huyo yuko mwezini. Haguswi kwa jembe wala sururu, hata kwa kijiti cha kupandia mchicha. Wanawake nao wanapumzika pamoja naye. Hawasagi, hawatwangi, wanavaa sari mpya, wanatafuna tambuu na kupanda bembea.

"Ni siku tatu tu kwa mwaka mzima," anasema Arakhita, mwenye miaka 58. "Nikiwakosesha bembea, watabaki na nini?"

Safari hii ana sababu nyingine, na haifichi. Binti yake wa pekee, Kuntala, amerudi nyumbani kwa Raja baada ya miaka sita. Mumewe ni fundi bomba huko Bengaluru. Yeye mwenyewe anashona mashati kiwandani. Kiwanda kimempa ruhusa ya siku chache tu, nyingi zinaliwa na safari. Kesho mchana anaondoka. Bembea isiposimama leo, haitamfaa tena.

Mwaka wa Arakhita huhesabiwa kwa sikukuu. Mwezi wa Kartika, watu wakiwa kwenye mfungo, yeye husimamisha mianzi mirefu ya kutundikia taa za kuwaangazia njia waliotangulia. Ikikaribia sikukuu ya magari ya miungu, husokota kamba za kuvutia gari dogo la kijijini. Siku nyingine hufunga majukwaa ya wajenzi kwa rupia 450 kwa siku, kazi ikipatikana. Bembea ya Raja haina bei. Hupewa mchele na vipande vya keki ya mchele na nazi iliyookwa kwenye majani ya mgomba, basi.

Jirani yake Pitabasa, mwenye duka la saruji, anakuja kuitazama nguzo.

"Chimba tu, kaka. Shimo lenyewe lipo tangu juzi. Huanzi, unamalizia."

"Mkeo akiwa mwezini nawe humwambia hivyohivyo?"

Wanawake waliosimama karibu wanaangua kicheko, na Pitabasa anageuza uso kutafuta mahali pa kutemea tambuu yake.

Arakhita anachuchumaa. Anakaa hivyo robo saa nzima, akichora hewani kwa kidole, maana ardhini hawezi. Kisha anainuka na kwenda nyuma ya nyumba kuleta mianzi yake ya majukwaa.

Anafunga mianzi mitatu pamoja kwenye ncha za juu na kuitanua miguu. Upande wa pili anafanya vilevile. Juu analaza boriti, na chini anafunga mianzi mingine iliyolala, inayoishika miguu isiteleze. Vidole vyake vinakaza fundo kabla jicho halijaona limeanzia wapi. Ukimtazama unaelewa kwa nini wajenzi wa mjini humfuata mpaka huku. Ndani ya saa mbili bembea imesimama, na udongo haujakwaruzwa.

Lakini ni nyepesi. Mtu akibembea kwa nguvu, itapinduka naye.

Chini ya paa la baraza, wanaume wanacheza karata. Arakhita anawapigia kelele: "Nyie! Njooni mkalie mianzi hii. Leo nyinyi ni mawe!"

"Na karata zetu?"

"Mawe gani yanayouliza maswali? Njooni nazo!"

Wanakuja, wanne huku, wanne kule. Pitabasa ni wa mwisho. "Wewe keti pembeni kabisa," anaambiwa. "Saruji yote uliyoila lazima ifae kitu."

Kabla ya mwingine yeyote, fundi hupanda mwenyewe. Mkewe Sebati anashika kiuno. "Juzi siku ya Savitri nimefunga kutwa, matunda tu, nikiomba uishi miaka mingi. Na wewe unaning'inia kama popo!"

"Si ndiyo maana siogopi?" anajibu kutoka juu.

Inafika zamu ya Kuntala, mwenye miaka 27, miguu imepakwa rangi nyekundu.

"Baba, itanibeba? Nimenenepa."

"Hata ungekuja na kiwanda chako chote."

Anabembea taratibu, kisha kwa nguvu. Wasichana wanaimba. Mianzi inalia, wanaume wanayumbayumba na kuendelea kugawa karata. Arakhita naye amekaa juu ya mwanzi. Mtu anamletea keki. Anataka kuinuka aipokee, anaacha.

"Nikiinuka mimi, mwanangu anaanguka," anasema. "Basi siinuki." Macho yamemjaa machozi na hajali nani anamwona.

Anaposhuka, Kuntala anakaa karibu naye na kusema alichokuwa akikiahirisha tangu jana. Mwakani hatakuja. Kiwanda hakitampa ruhusa nyingine, na nauli imepanda.

Arakhita anapapasa fundo moja.

"Nyumba mnayopanga ina paa la bati?"

"La zege, Baba. Bapa. Tunaanikia nguo."

"Kubwa?"

"Hatua kumi kwa nane hivi."

"Mianzi huko ipo?"

"Inauzwa."

"Na wanaume wa kukalia?"

Kuntala anaanza kucheka. "Wapo mafundi bomba kumi na wanne, wote wa huku kwetu. Siku ya Raja hawana kazi ila kulala na kukumbuka nyumbani."

Mzee huyu hajawahi kusafiri mbali kuliko mji wa Cuttack, humuhumu jimboni. Anasema ataanza kuweka akiba ya nauli baada ya mavuno, na kamba atazisokota mwenyewe.

"Lakini Baba, mwenye nyumba ni mkali," Kuntala anamwonya. "Haturuhusu kutoboa hata tundu la msumari."

"Kwani hapa nani katoboa?"