Steji ya Mbuzi Anayegonga Watu

Nilikuwa nauza dawa za mifugo mjini Machakos, na siku zangu za mapumziko nilikuwa nachora ramani. Tulikuwa watu wanne wa kujitolea. Tulitembea tukiandika kwenye simu kila njia, kisima na steji ya matatu, katika ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha.

Siku moja, barabara ya Kathiani, nilifika kwenye steji isiyo na kibao. Kabla sijauliza jina lake, beberu mweupe alitoka nyuma ya kioski akanigonga kiunoni. Nilijikusanya, nikavuka barabara, na kwa haraka nikaandika: "Hapa kuna mbuzi anagonga watu." Nilikusudia yawe maelezo kwa wenzangu. Niliyaandika kwenye nafasi ya jina.

Miezi ikapita. Ofisi inayosimamia usafiri ikatoa orodha mpya ya steji, nami nikapewa kazi ya kuilinganisha na ramani yetu. Kanuni yetu ilikuwa rahisi: vikitofautiana, mtu aende akaangalie, vikikubaliana, usiguse. Nilishuka mstari kwa mstari hadi nikafika Kathiani. Orodha ya ofisi: "Hapa kuna mbuzi anagonga watu." Ramani yetu: vivyo hivyo. Kompyuta ikaweka alama ya kijani.

Nilimpigia simu karani wa ofisi hiyo nikamuuliza jina hilo walilipata wapi.

"Kwa ramani yenu," akasema. "Tuliona mmeandika kwa uhakika sana."

"Lakini hilo si jina. Ni onyo."

"Sasa dada, imeshapita kamati. Leta jina wenyeji wamekubali, tutaweka kwa orodha ingine."

Jumamosi nikaenda. Kibao kilikuwa kimeshasimamishwa, maneno yamebanwa yatoshee. Chini yake aliketi mama mwenye kioski, mikono kifuani.

"Habari ya asubuhi, mwaitu," nikamwamkia, kama ninavyomwita mama yangu.

"Si nzuri. Wewe ni wa serikali?"

"Ni wa ramani."

"Basi uniambie ni nani aliandika mbuzi yangu inagonga watu."

Nilimwambia tunachunguza. Sijivunii jibu hilo.

"Mbuzi yangu haigongi watu," akasema. "Inagonga tu wale haijui."

Mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri gari alisema kosa kubwa ni sarufi. Ilipaswa kuwa "anayegonga". Muuza maziwa akataka steji iitwe Kwa Maziwa. Walibishana karibu saa nzima, mimi nikiandika kila pendekezo, mpaka beberu mwenyewe alipotokea. Mwalimu alipanda juu ya benchi. Muuza maziwa aliingia kioskini na mtungi wake. Mimi nilibaki nimeshika simu. Beberu alinijia, akaninusa sketi, akapiga chafya, akasimama kando yangu kwa utulivu kabisa.

Mama akanitazama, kisha akamtazama mbuzi.

"Wewe imekujua wapi?"

Nilikiri yote, pamoja na kiuno. Nilitarajia anifukuze. Badala yake aliangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa leso, kisha akanyoosha kidole kwenye simu yangu.

"Andika: Kwa Mbuzi Mpole."

Mwalimu, akiwa bado juu ya benchi, alisema hana pingamizi. Kutoka kioskini muuza maziwa akasema ni sawa, mradi mbuzi aondolewe kwanza ndipo atoke. Nikaandika, mara hii kwenye nafasi ya jina kwa makusudi, kisha nikamtumia karani.

Orodha iliyofuata ilikuja, na kibao kipya kikaja nayo. Ofisini walikuwa wamepata majina mawili ya steji moja, wakaona ni busara kuyaunganisha: "Hapa kuna mbuzi mpole anagonga watu."

Nilikwenda kumwomba mama radhi. Nilimkuta amesimama mbele ya kibao, miwani puani. Alikisoma mara mbili, polepole.

"Sasa kiko na heshima," akasema, akarudi kupika chapati.