Sauti Yangu kwenye Redio ya Akina Mama

Juzi mjukuu wangu alifungua tochi ya zamani iliyokuwa mvunguni mwa kitanda, na betri zilikuwa zimevuja. Ile harufu chungu ya chuma na chumvi ikanipanda puani, nikaketi palepale kwenye mkeka kama mtu aliyesukumwa. Mtoto akadhani naugua, akataka kumwita mama yake. Sikuwa naugua. Nilikuwa nimerudi kwenye baraza ya shule yetu kando ya mto Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Garsen. Nina miaka minane au tisa, meno mawili ya mbele hayapo, na redio ya akina mama inangoja kuwashwa.

Mimi si mwandishi. Nilisoma hadi darasa la nne, nikaolewa, na tangu hapo naandika kwenye madaftari mambo ya nyumbani tu: mvua ilinyesha lini, nani kazaa, nani kafa. Jambo hili nimeliandika mara tatu na mara zote nimechana karatasi, kwa sababu kila nikilisoma naona nimejipendelea mimi, au nimempendelea mama. Leo nitajaribu tena. Mkiona nimeteleza, mnisamehe, sikukusudia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza bado wakitawala. Serikali ilituletea redio, sanduku la mbao refu kama debe lililolazwa, na betri yake nje, nzito kama tofali. Waya wake ulipandishwa juu ya mlingoti wa mwanzi. Kila Jumamosi saa tisa alasiri kulikuwa na kipindi cha mafunzo kwa shule na kwa nyumba: namna ya kuchemsha maji ya mto, chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, faida ya kumpeleka msichana shule. Wanawake waliketi barazani juu ya mikeka, sisi watoto tukabanana magotini mwao, na joto lile la alasiri likanukia maziwa, mafuta ya nazi na jasho.

Mama yangu, Elina, ndiye aliyekabidhiwa redio. Yeye tu alikuwa na ufunguo wa sanduku, na yeye tu aligusa kile kitufe cha kuzungusha. Kipindi kikiisha, alisimama akaeleza upya yaliyosemwa, kwa Kipokomo kwa watu wetu, kisha kwa Kiswahili chepesi kwa wanawake wa Kiorma waliokuja kubadilishana maziwa kwa mahindi na mchele. Alieleza vizuri kuliko redio. Nasema hivyo si kwa kuwa ni mama yangu. Hata shangazi Dorika, dada ya baba, ambaye hakuwa na tabia ya kumsifu wifi yake, alikubali.

Shangazi yeye alikuwa na ugomvi na yule mtangazaji. "Anauliza hamjambo, halafu hangoji nimjibu!" alilalamika kila Jumamosi. "Kalelewa wapi huyu?" Akajibu "Hatujambo!" kwa nguvu hata hivyo, na kwa kelele zake tukapoteza maneno ya kwanza ya kipindi.

Mwaka ule kulikuwa na wasiwasi wa ndui. Redio ikafundisha habari ya chanjo kwa majuma mengi, na dresa, mganga msaidizi wa zahanati, akapita vijijini na sanduku lake akiwachanja watu mkononi. Wengi waliogopa. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba. Alikwenda hata kwenye manyatta ya Waorma, kwa rafiki yake Habiba muuza maziwa, akakaa naye tangu asubuhi hadi jua kali akimwambia usiogope, mtoto atalia kidogo na yatakwisha. Mume wa Habiba hakutaka kabisa. Habiba akawaleta watoto wake watatu hata hivyo, akawashika mikono mwenyewe, na nyuma yake wakaja wanawake wengine wengi.

Sasa nieleze jambo nililokuwa nalijua mimi peke yangu. Siku dresa alipofika kijijini kwetu, mimi nikiwa nimeshachanjwa shuleni, mama alinipa mdogo wangu Komora, aliyekuwa bado ananyonya, akaniambia nikae naye shambani juu ya dungu, pale tunapoamia ndege wasile mpunga, na nisishuke mpaka aniite. Nilikaa. Baadaye dresa akapita njia ya kando ya shamba, nikamsikia mama akimwambia kwamba Komora ana homa, amepelekwa kwa bibi yake. Komora hakuwa na homa. Nilishangaa, lakini mambo ya watu wazima yalikuwa mengi ya kushangaza, nikaliweka hilo pamoja na mengine.

Haukupita muda mrefu, watu wa redio wenyewe wakaja Garsen. Ilitangazwa kuwa ni siku ya shule na wazazi, kila kijiji kilete watoto wa kuimba na akina mama wa kusema. Tuliondoka alfajiri. Kulikuwa na michezo, uji wa bure, picha kubwa za mafunzo zimetundikwa ubavuni mwa lori, na watu kutoka Ozi, kule mdomoni mwa mto, mpaka vijiji vya juu. Mtangazaji tuliyemzoea alikuwapo, mtu mfupi, mwembamba, na shati limemzidi.

"Sauti kubwa vile yatoka humu?" shangazi alinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika na wote. Kisha akamwendea, akasimama mbele yake. Yule bwana akasema, "Hujambo, mama?" Shangazi akajibu taratibu, akamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, na mtu wa watu ikambidi ajibu zote. Aliporudi alituambia, "Leo kangoja."

Ndani ya hema walikuwa na mashine yenye magurudumu mawili yanayozungusha utepe wa rangi ya kahawa. Tuliimba. Halafu mtangazaji akataka mtoto mmoja wa kuongea naye, na mwalimu wetu akanisukuma mimi, kwa kuwa nilikuwa binti wa mwenye redio. Mwalimu alisimama kando, mikono nyuma.

"Mama anawafundisha nini nyumbani?" mtangazaji akaniuliza.

"Kunawa mikono. Kuchemsha maji. Kuchanjwa."

"Vizuri sana! Na nyumbani kwenu nyote mmechanjwa?"

Jumapili tulikuwa tumefundishwa kwamba Mungu hapendi uongo. Nikasema, "Wote ila mtoto wetu mdogo. Mama alimficha kwenye dungu. Alisema ana homa, na hakuwa na homa."

Bwana yule akasema, "Ahsante, binti," akanipa peremende. Nilitoka nimefurahi. Ninyi mnaosoma leo mtaniona mjinga, lakini nilidhani ule utepe ni kama kitabu cha dresa, anachoandika majina yetu na kuondoka nacho, tusikione tena. Labda mwalimu alikuwa ametueleza. Siwezi kusema hakutueleza, maana mimi nilikuwa natazama magurudumu.

Yakapita majuma kadhaa. Jumamosi moja tukaketi barazani kama kawaida. Mama akafungua sanduku, akazungusha kitufe, redio ikakoroma, ikasafisha koo, mtangazaji akasema hamjambo na shangazi akamjibu. Akasema leo tutasikia sauti za Garsen. Wanawake wakapiga vigelegele. Tukasikia wimbo wetu, watu wakacheka na kusukumana.

Halafu kikaongea kitoto, sauti nyembamba yenye mluzi kwenye kila neno la "s".

Kwanza nilidhani kuna mtoto nyuma ya sanduku ananiiga, nikakasirika. Kisha vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja kimoja, na ndipo nikajua. Sijui niseme nini juu ya mshtuko ule. Nilitaka kuinuka nikaizibe redio kwa mikono, na miguu ikakataa. Nilijua neno linalofuata, nikaliona linakuja, na hakuna mtu duniani aliyeweza kulizuia isipokuwa mama, ambaye mkono wake ulikuwa kando ya kile kitufe. Hakukigusa.

"Mama alimficha kwenye dungu. Alisema ana homa, na hakuwa na homa."

Hakuna aliyecheka. Mtangazaji akasema hivi, au karibu na hivi: mmemsikia mtoto, na wewe mama unayesikiliza, nyumbani kwako umemficha nani? Kikafuata kipande cha muziki. Mama akakiacha kiishe chote. Akazima, akafunga sanduku kwa ufunguo, akasimama mahali pake pa kueleza. Komora alikuwa mgongoni mwake, amelala.

Habiba ndiye aliyeanza. Hakupaza sauti. "Mama Rahabu," alimwambia, kwa kuwa Rahabu ni mimi. "Watoto yangu tatu. Mimi nashika mikono yao, wanalia. Baba yao ananitukana siku saba. Wewe nasema, Habiba, usiogope. Sasa wako alikuwa wapi?"

"Si alikuwa juu ya dungu, analinda mpunga!" shangazi akadakia, na hapo ndipo kicheko kikatoka, kile kicheko kibaya.

"Kumbe dawa ni ya watoto wa wenzio," sauti moja ikasema nyuma. Wanawake wawili wakakunja mkeka wao, wakaondoka.

Nikangoja mama aseme mtoto amekosea, mtoto hajui anachosema. Ningemsamehe. Ningesema hata mimi nimekosea.

"Mtoto hakusema uongo," mama alisema. "Nilimficha." Akaikaza leso iliyombeba Komora. "Kabla ya Rahabu nilikuwa na msichana. Wengine wenu mlimzika pamoja nami. Alichanjwa, na hata juma halikupita akashikwa na homa, akafa. Dresa alisema ni malaria, mwaka ule ulikuwa wa mafuriko na watoto wengi walikufa ambao hawakuchanjwa. Namwamini. Niliyowaambia ni kweli, na leo nasema vilevile. Kichwa changu kimekubali. Mikono ndiyo iliyokataa."

Hata shangazi akatazama chini. Nami nilikuwa nimeduwaa kwa mara ya pili katika saa moja. Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba nilikuwa na dada.

Habiba alikuwa akikuna ukingo wa kibuyu chake kwa kidole. Wengine walimngoja yeye. Mwishowe akauliza, "Dresa yuko Jumatatu?"

"Yuko."

"Basi Jumatatu mimi namshika. Wewe geuza uso."

Jumatatu tulikwenda. Mama alisimama zahanati uso umeelekea ukutani, mikono imeshika leso yake, na Habiba akamkumbatia Komora huku akimwimbia kwa Kiorma. Komora alilia kidogo, yakaisha. Kwa mama ndiko hayakuisha: kwa juma zima alimgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa kiganja, asubuhi, mchana, hata katikati ya kula. Homa haikuja. Komora leo ni mzee mwenye ndevu nyeupe na kovu la mviringo mkononi.

Lakini si haki nikisema yote yalitengemaa. Wale wanawake wawili hawakurudi tena barazani, na mama alisema wana haki yao. Ufunguo alimkabidhi shangazi kwa hiari yake. Nami kwa muda mrefu nilikuwa naogopa kusema mbele ya mgeni. Nikiulizwa jina nilitikisa kichwa. Mama hakunipiga, wala hakulitaja jambo lile hata siku moja mpaka alipokufa, na mimi nikadhani kimya kile ni hasira. Nilijiona ndiye niliyemvua nguo mbele ya wenzake kwa ajili ya peremende.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikutana na mwalimu wetu kwenye mazishi huko Ngao. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri, akanijua kwa sauti. Tulikunywa chai, na katika mazungumzo akasema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, "Mama yako alinishangaza siku ile ya redio."

"Siku ya redio alishangaa yeye, mwalimu," nilimwambia.

"Ashangae nini? Alikuwa anajua."

Akaniambia. Alikuwa kando yangu hemani, alisikia kila neno nililosema, naye akanyamaza kwa aibu. Kisha akapata barua kutoka kwa watu wa redio kwamba sauti za Garsen zitatoka Jumamosi ile. Siku ya Jumatano akaja nyumbani, mimi nikiwa mtoni, akamweleza mama yote. Akamwambia, tuseme redio imeharibika, Jumamosi moja tu ipite, hakuna atakayejua.

"Akaniuliza kitu kimoja," mwalimu alisema. "Mwanangu alisema uongo? Nikamwambia hapana. Akaendelea kupepeta mchele wake. Nikadhani hajanisikia, nikaanza tena. Akasema, nimesikia, mwalimu. Nitaiwasha."

Kikombe nilikishika mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na sikuwa na wa kumwuliza. Labda alitaka kusukumwa, ili mikono ile ifuate kichwa. Labda aliona si haki wanawake wamsikie yeye kila Jumamosi, na mara moja tu iliyomhusu wasisikie. Naandika yote mawili kwa sababu sijui. Ninalojua ni kwamba alikuwa na siku tatu nzima za kukimbia. Jumamosi ile alinisuka nywele, akanivalisha gauni la kanisani, akanikalisha mbele kabisa, karibu na sanduku. Nilidhani amesahau kwamba si Jumapili.